Tarehe Ipi Iwe Siku ya Kumbukumbu ya Nyanda za Juu Kusini?

Msomaji wetu wa Mafinga ameandika kwamba yumo katika kamati ya wadau inayotayarisha pendekezo la siku moja ya kumbukumbu kwa ajili ya Nyanda za Juu Kusini nzima. Wajumbe wa Iringa wanataka tarehe 19 Julai, siku aliyokufa Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani. Mjumbe mmoja kutoka Mbarali alisimama akasema kwamba wazee wake wa Usangu walipigana upande wa pili, na kwamba hawezi kwenda kuwaambia wamwadhimishe mtu ambaye ukoo wake uliwafukuza kwao. Wajumbe wa Njombe wamependekeza tarehe ya Majimaji, na vijana wa Mbeya wakaleta hoja ya reli ya TAZARA. Kikao kimevunjika bila mwafaka, na msomaji wetu anauliza: kwa upande wa historia, tarehe ipi ndiyo sahihi?

Ndugu msomaji, nianze na jibu lenyewe ili usilazimike kulisubiri hadi mwisho. Kwa ninavyoyafahamu mambo haya, hakuna tarehe hata moja inayoweza kubebwa na kanda nzima kwa moyo mmoja, na ninawashauri mliache wazo la siku ya kanda. Wajumbe wa Iringa wapeleke pendekezo la siku ya mkoa wao, na siku hiyo iwe 17 Agosti, siku ya vita vya Lugalo vya mwaka 1891, iitwe kwa jina la mahali na isiitwe kwa jina la mtu. Mjumbe wa Mbarali hakukosea, wala hakuleta ukabila kikaoni, kama huenda baadhi yenu mlivyodhani. Alisema jambo ambalo kila kamati ya namna hii inapaswa kulisikia mapema, kabla barua haijafika mezani kwa katibu tawala. Historia inaweza kuwaambia ni nini kilitokea siku fulani, nani alikuwepo na nani aliumia. Kuamua ni siku ya nani ni kazi ya siasa, kwa maana njema ya neno hilo, yaani kazi ya watu kukaa na kukubaliana.

Tuitazame kwanza hiyo kanda yenyewe. Nyanda za Juu Kusini kama eneo moja la utawala ni kazi ya Waingereza, ambao walikuwa na jimbo lenye jina hilo. Mwaka 1963 majimbo yalivunjwa ikazaliwa mikoa, na tangu hapo Iringa na Mbeya kila mmoja umekuwa na ofisi zake, mkuu wake na kalenda yake. Njombe ulimegwa kutoka Iringa mwaka 2012, na Songwe ukamegwa kutoka Mbeya mwaka 2016. Watu wa mikoa hii wanashirikiana mambo mengi: baridi ya Juni na Julai, mahindi, viazi, chai, misitu ya mbao na barabara kuu ya kwenda Tunduma. Lakini katika karne ya kumi na tisa, ambako kamati yenu imekwenda kutafuta shujaa, hawakuwahi kuwa chini ya mtawala mmoja, na katika vita vikubwa vya zama zile hawakuwahi kusimama wote upande mmoja. Anayetafuta tarehe ya vita itakayowaunganisha wote anatafuta kitu ambacho hakikutokea.

Mjumbe wa Mbarali alikuwa akizungumzia nini hasa? Kabla Wahehe hawajapata nguvu, Wasangu chini ya watawala wao walioitwa Merere ndio waliokuwa wakubwa katika eneo lile. Munyigumba, baba yake Mkwawa, aliwaunganisha Wahehe, akapigana na Wasangu na Wabena, na vita na Wangoni vilivyoanza mwaka 1878 vikaendelea hadi 1882, mwanawe akiwa amekwisha kushika utawala. Wasangu wakang'olewa katika bonde lao, na Merere akalazimika kujihifadhi upande wa Usafwa, karibu na ilipo Mbeya ya leo. Kwa hiyo Wajerumani walipokuja, Merere aliona kwao njia ya kurudi nyumbani. Alishirikiana nao dhidi ya Mkwawa, na baada ya Wahehe kushindwa akarejeshwa Utengule, Usangu. Upande wa bonde la Kilombero, Kiwanga wa Ubena naye alifanya urafiki na Wajerumani. Sisi leo, tukiwa tumelelewa na elimu ya taifa huru, ni rahisi kuwaita watu hao wasaliti. Lakini wasaliti wa nani? Taifa ambalo wangelisaliti lilikuwa bado halijazaliwa. Waliona jirani mwenye nguvu aliyewanyang'anya ardhi na mifugo, wakaona mgeni mwenye nguvu zaidi, wakachagua. Mjukuu wao anayeishi Mbarali leo hana sababu ya kuona aibu, na siku ya kumbukumbu inayomtaka aone aibu kila mwaka haistahili fedha ya serikali.

Sasa nije kwenye tarehe za Mkwawa, kwa sababu ziko kadhaa na kila moja ina siasa yake. Hapa nitakaa kidogo.

Ya kwanza ni 17 Agosti 1891. Msafara wa kijeshi uliotoka pwani chini ya Emil von Zelewski, ambaye watu walimwita Nyundo, ulikuwa na askari wapatao 320 pamoja na maofisa na wapagazi. Ulivamiwa Lugalo na jeshi la Wahehe wapatao 3,000, wengi wao wakiwa na mikuki, na kwa muda mfupi ukavunjwavunjwa, Zelewski mwenyewe akauawa. Lilikuwa pigo kubwa kwa serikali ya Berlin, ambayo ilikuwa haijatimiza hata miaka mitatu tangu iingie vitani pwani kuzima upinzani wa Abushiri.

Ya pili ni 30 Oktoba 1894, siku ngome ya Mkwawa ya Kalenga ilipoanguka mikononi mwa jeshi lililoongozwa na gavana von Schele. Sijawahi kusikia mtu akiipendekeza tarehe hii, na sishangai, ingawa ndiyo iliyobadilisha maisha ya watu wa Iringa kuliko zote. Baada yake vikafuata karibu miaka minne ya msako: vijiji vikichomwa, chakula kikiharibiwa, watu wakihamishwa. Katikati ya msako huo yako mambo ambayo ningependa kamati iyafahamu, kwa sababu hayaingii vizuri katika hotuba. Mwishoni mwa mwaka 1896 Wajerumani walimsimika Mpangile, ndugu yake Mkwawa, awe mtawala wa Wahehe badala yake. Mwanzoni mwa mwaka 1897, haijatimia hata miezi mitatu, wakamnyonga, wakimtuhumu kwamba alikuwa akimsaidia nduguye kwa siri. Mpangile awekwe wapi? Katika orodha ya mashujaa, au katika orodha ya waliokubali kutawala kwa niaba ya Wajerumani? Ndani ya ukoo mmoja tu jibu si jepesi, sembuse katika mikoa minne.

Ya tatu ndiyo hiyo ya 19 Julai 1898. Mkwawa akiwa Mlambalasi, amebaki na wafuasi wachache mno, zawadi ya rupia 5,000 ikiwa imetangazwa kwa atakayemleta, aliona doria ya Wajerumani imemkaribia, akajipiga risasi ili asitiwe mkononi. Kichwa kikakatwa, kiwiliwili kikazikwa pale pale Mlambalasi. Ninaelewa kabisa kwa nini wajumbe wa Iringa wameing'ang'ania tarehe hii, na sitasema neno la kuipunguzia uzito. Lakini nina sababu za kutoipendekeza iwe siku ya mkoa.

Sababu yangu kubwa ni kwamba msiba una wenyewe. Siku ya kifo ni mali ya waliofiwa, yaani ukoo wa Mkwawa na wazee wa Kalenga, na wao ndio wanaojua ifanywe tambiko gani, nani atangulie, nani asiingie kaburini. Serikali ikishaichukua siku hiyo, inakuja na ratiba, meza kuu, mgeni rasmi, itifaki ya nani aketi wapi na nani aongee kwa dakika ngapi, na kabla hamjajua, wenye msiba wamegeuka wageni waalikwa katika msiba wao. Zipo familia za watu mashuhuri katika nchi hii ambazo zingeweza kuwaeleza uchungu wa jambo hilo. Sababu nyingine ni ya kalenda: siku sita tu baadaye, 25 Julai, taifa huadhimisha Siku ya Mashujaa. Viongozi wote wa mkoa wanakuwa katika maandalizi ya siku hiyo, na wepesi wa kusema "tuziunganishe" utakuja mwaka wa pili au wa tatu. Zikiunganishwa, Mlambalasi itabaki aya moja katika hotuba ya mkuu wa mkoa.

Ya nne ni kurudi kwa fuvu. Hii ni habari ya pekee, na inatufundisha juu ya siasa ya kumbukumbu kuliko tarehe nyingine yoyote. Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, katika ibara ya 246, uliitaka Ujerumani ilirudishe fuvu la Sultani Mkwawa ndani ya miezi sita. Haikufanya hivyo, na suala likalala kwa zaidi ya miaka thelathini, hadi gavana Edward Twining alipolifufua na kwenda mwenyewe kwenye makumbusho ya Bremen mwaka 1953. Humo mlikuwa na mafuvu yapatayo 2,000, na kati yake 84 yalikuwa yametoka Afrika Mashariki ya Wajerumani. Walitenga yale ambayo vipimo vyake vilikaribiana na vipimo vya vichwa vya ndugu wa Mkwawa waliokuwa hai, wakachagua lile lililokuwa na tundu la risasi. Likaletwa Kalenga mwaka 1954, likakabidhiwa kwa Chifu Adam Sapi Mkwawa, mjukuu wake, ambaye baadaye alikuja kuwa Spika wa Bunge kwa miaka mingi.

Mtazame Twining kwa makini. Ni gavana wa kikoloni akimrudishia heshima mpinga ukoloni, mbele ya mjukuu wake, na mwaka wenyewe ni huohuo ambao tarehe 7 Julai TANU ilizaliwa Dar es Salaam, na Kenya jirani ilikuwa katika hali ya hatari. Hakuwa anamheshimu Mkwawa aliyewapiga wazungu Lugalo. Alikuwa anamheshimu Mkwawa aliyedhulumiwa na Wajerumani, na kutaka wajukuu waone kwamba Mwingereza ni mwema zaidi. Simlaumu mtu yeyote wa Kalenga aliyelia kwa furaha siku ile, maana fuvu lilikuwa limerudi, na hilo ndilo lililokuwa na maana kwao. Ninachosema ni kwamba mtu mmoja anaweza kukumbukwa na watu wawili kwa sababu zinazopingana kabisa, na atakayechagua tarehe ndiye anayechagua sababu. Zaidi ya hayo, machapisho hayakubaliani juu ya siku yenyewe ya makabidhiano, mengine yakitaja Juni na mengine Julai, na wapo wataalamu wenye shaka kama fuvu lile ndilo. Tarehe yenye ubishi wa namna hiyo msiijengee siku ya mkoa.

Kwa nini basi Lugalo? Mtu anaweza kuniambia kwamba Lugalo nayo ni ya Mkwawa, na Msangu wa Mbarali hataiona tofauti. Ninaamini ataiona, kwa sababu siku ile hakuna Msangu wala Mbena aliyefukuzwa kwao. Msafara uliopigwa ulitoka pwani, na nia yake ilikuwa kuitiisha nchi nzima ya juu, si nchi ya Mkwawa peke yake. Pili, jina la Lugalo limekwisha kuvuka mipaka ya Uhehe: kuna kambi ya jeshi na hospitali ya jeshi Dar es Salaam zinazoitwa hivyo, na Watanzania wengi hulitamka kila siku bila kujua limetoka wapi. Siku ya Lugalo itakuwa inaliunganisha jina ambalo taifa linalo na mahali ambapo mkoa unapo. Tatu, mahali penyewe panafikika, karibu na barabara kuu iendayo Morogoro, na Agosti ni kiangazi. Watu wamevuna au wanamalizia kuvuna, wanafunzi wanaweza kwenda kwa gari na kurudi siku hiyo hiyo.

Lipo la nne, na kwangu ndilo zito. Pale Lugalo upo mnara uliosimamishwa na Wajerumani kwa ajili ya wenzao waliouawa. Ushindi ulikuwa wa Wahehe, lakini jiwe ni la walioshindwa. Na waliokufa upande ule hawakuwa Wajerumani tu. Wajerumani walikuwa wachache. Wengi walikuwa askari wa Kiafrika, baadhi wakiwa wameajiriwa kutoka Sudani na wengine kutoka Msumbiji, pamoja na wapagazi waliobeba mizigo ya vita ambavyo havikuwahusu. Wengi wa watu hao hawajulikani kwa majina na hawana ukoo wa kuwafanyia matanga. Wahehe nao walipoteza watu wengi siku ile. Mkoa unaoweza kusimama mahali pa ushindi wake, ukataja kwa sauti kwamba hapa walikufa pia wapagazi na askari ambao mama zao hawakujua wamefia wapi, mkoa huo unaweza pia kumwalika Msangu na akaja bila moyo mzito.

Kuhusu Majimaji, wajumbe wa Njombe wana haki ya kuitaja. Mwaka 1905 Wabena waliishambulia misheni ya Yakobi, Wapangwa wa upande wa Ludewa wakaingia vitani, na adhabu ya njaa iliyofuata iliua watu wengi kuliko bunduki. Lakini katika vita hivyo hivyo sehemu kubwa ya Wahehe haikujiunga. Walikuwa wamepigwa miaka saba tu kabla, na wapo waliokwenda vitani upande wa Wajerumani wakati Kapteni Nigmann wa boma la Iringa alipotoka kwenda kuinusuru Mahenge. Mnaona mambo yanavyogeuka: mwaka 1894 Msangu yuko na Mjerumani na Mhehe anapigwa, mwaka 1905 Mbena anapigwa na wapo Wahehe walio na Mjerumani. Kwa Njombe kuwa na siku yake ya Majimaji ningefurahi sana. Kuipeleka kama siku ya kanda ni kuwahamishia Wahehe kiti kile kile ambacho mjumbe wa Mbarali alikikataa.

Kama Njombe wataamua hivyo, waende wakajifunze Songea, ambako wenzetu wa Ruvuma wamefanya kazi nzuri kuliko sisi sote. Tarehe 27 Februari 1906 Wajerumani waliwanyonga viongozi na wapiganaji wa Kingoni pale Songea, wakawazika katika kaburi la pamoja; Nduna (yaani kiongozi wa Kingoni) Songea Mbano akanyongwa siku chache baadaye. Kila mwaka mwishoni mwa Februari kumbukizi hufanyika hapo hapo, kwenye makaburi na makumbusho ya Majimaji, wazee wa Baraza wakiwa mbele. Nguvu ya tarehe ile ni kwamba makaburi yapo, majina yapo, na wajukuu wapo. Ndiyo maana tarehe 1 Novemba 2023, Rais wa Ujerumani Frank-Walter Steinmeier alipokuja kuomba radhi kwa yaliyofanywa na nchi yake, alikwenda Songea. Palikuwa na mahali pa kusimama na watu wa kumpokea ambao walikuwa wamelinda kumbukumbu hiyo kwa miongo mingi bila kujua kama kuna rais yeyote atakuja. Hali hiyo haikuletwa na tangazo la serikali. Ililetwa na wazee waliorudi kila mwaka.

TAZARA sitakaa nayo sana. Ilikabidhiwa mwezi Julai 1976, ni kazi ya fahari, na kwa Mbeya, Makambako na Tunduma ina maana kubwa. Lakini haipiti Iringa mjini, na kumbukumbu yake ni ya nchi mbili pamoja na China, ambazo zitataka kuwa na neno juu ya namna ya kuiadhimisha. Vijana wa Mbeya wasivunjike moyo. Mji wao ulikuzwa na dhahabu ya Lupa, na umekusanya Wasafwa, Wanyakyusa, Wandali, Wanyiha, Wakinga na wengine wengi, kwa hiyo huenda siku inayoufaa haihusu vita kabisa. Mkoa hauna wajibu wa kuwa na shujaa wa mkuki.

Ipo tarehe moja ambayo hakuna aliyeitaja kikaoni, nami nitaitaja kwa uangalifu. Tarehe 25 Desemba 1971, siku ya Krismasi, mkuu wa mkoa wa Iringa, Dkt. Wilbert Kleruu, alipigwa risasi na kuuawa Isimani na mkulima Saidi Mwamwindi, katika mvutano wa mashamba na vijiji vya ujamaa. Mwamwindi mwenyewe aliupeleka mwili polisi, akashtakiwa, akahukumiwa kunyongwa. Chuo cha ualimu cha Iringa kina jina la Kleruu, na jina la Mwamwindi linaishi midomoni mwa watu wa Isimani. Sipendekezi siku yoyote hapo. Familia zote mbili zina haki ya kuachwa na utulivu wao. Ninaitaja ili kamati ione kwamba historia ya mkoa haikuishia mwaka 1898, na kwamba kuna mambo tunayakwepa si kwa sababu ni madogo, ila kwa sababu bado yanauma. Kumrudia Mkwawa kila mara kuna wepesi wake: adui yake alitoka mbali na amekwisha kuondoka.

Kuhusu utaratibu, msije mkaahidi watu sikukuu ya mapumziko. Sikukuu za kitaifa zinawekwa kwa sheria, na Rais ndiye mwenye mamlaka ya kutangaza siku ya mapumziko, mkoa hauwezi. Kinachowezekana ni pendekezo lenu kupitia Kamati ya Ushauri ya Mkoa na kuingizwa katika kalenda ya shughuli za mkoa, kisha halmashauri zikaitengea fedha kutoka mapato ya ndani. Hapo ndipo tarehe inapopimwa kweli. Mwaka wa fedha huanza 1 Julai, na kwa kawaida wiki za mwanzo fedha huwa hazijaanza kutoka, jambo linaloifanya 19 Julai kuwa ngumu hata kwa anayeipenda. Mwanzoni mwa Agosti halmashauri zote za kanda ziko Mbeya kwenye viwanja vya John Mwakangale kwa ajili ya Nanenane, na kila gari na kila afisa yuko huko. Tarehe 17 inawapa siku tisa za kurudi na kupumua. Ni chache, lakini zinatosha kama maandalizi yameanza mapema, na pengine ni heri, kwa sababu hazitoi nafasi ya kuikuza shughuli ikawa ya mahema na fulana.

Kuna jambo la Sabasaba pia ambalo ni onyo. Ilikuwa siku ya kuzaliwa TANU. Leo mtoto wa shule ukimuuliza atakuambia ni maonesho ya biashara. Sioni ubaya wa biashara, lakini siku ambayo haina kitendo maalumu kinachofanywa na watu wenyewe huchukuliwa na yeyote mwenye hema kubwa. Kwa mfano mwingine, Wakenya walikuwa na Siku ya Kenyatta tarehe 20 Oktoba, kwa sababu ya kukamatwa kwake mwaka 1952. Katiba yao ya mwaka 2010 ikaiacha tarehe ile ile, ikaiita Siku ya Mashujaa. Waliokaa misituni na vizuizini wakapata nafasi katika siku iliyokuwa ya mtu mmoja. Ndiyo sababu nasisitiza jina la mahali tangu mwanzo, kwa kuwa kubadilisha jina baadaye huwa vita upya.

Kwa hiyo kitendo kiwe nini? Ningependa kiwe kidogo na kisichobadilika. Watu wakutane Lugalo asubuhi. Wazee wa Kalenga watangulie kwa namna wanayoijua wao. Kisha yasomwe yanayojulikana juu ya siku ile kwa pande zote, pamoja na wapagazi na askari, na msomaji awe mwanafunzi wa sekondari wa mkoa huo, kila mwaka shule nyingine. Baada ya hapo asimame mzee mmoja kutoka nje ya Uhehe, mwaka huu wa Usangu, mwaka ujao wa Ubena, mwaka mwingine wa Ugogo au Ungoni, aeleze jinsi wazee wake walivyokiona kipindi kile, bila kukatizwa na bila hotuba yake kupitiwa kwanza na ofisi. Mgeni rasmi akiwepo, aongee mwisho na kwa ufupi. Mchana watu waende Boma la Iringa, jengo la Wajerumani la mwaka 1900 ambalo sasa ni makumbusho, na atakaye afike Kalenga. Tarehe 19 Julai ibaki ya ukoo, na mkoa utume mtu wa kuhudhuria kama mfiwa, akae chini pamoja na wengine.

Kabla ya kuandika pendekezo, ninawaomba mmrudie mjumbe wa Mbarali. Msimrudie ili mumshawishi. Mwulizeni kama wazee wake wangekubali mwaliko wa kusema Lugalo, na kwa masharti gani. Wakikataa, heshimuni na waombeni tena mwaka unaofuata. Wakikubali, muhtasari wa kikao uambatanishwe na pendekezo ukiwa na pingamizi lake kamili, kama alivyolisema, ili Kamati ya Ushauri ya Mkoa ione kwamba jambo hili lilibishaniwa na watu wenye akili na nia njema, na ili mtu atakayefungua jalada hilo miaka ishirini ijayo ajue kwa nini siku hii haikupewa jina la mtu.